Petroli ya kununulia Willys MB Uingereza: ipi kwanza, ipi mwisho

Wenye Willys MB, ile Jeep ya vita iliyoundwa 1941 hadi 1945, wakifika kituoni wengi hukimbilia kuuliza okteni, yaani kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo wa injini bila kugonga. Uliza ethanoli. Injini yake ya lita 2.2 ina mgandamizo wa 6.48 kwa 1 tu, kwa hiyo hata petroli ya okteni 95 inaitosha na kusaza. Kinachoiumiza ni pombe iliyochanganywa humo.

Ya kwanza kwangu ni super ya E5, okteni 97 kwenda juu. Ethanoli yake haizidi asilimia 5. Bei inauma, ila gari la namna hii halitembei kila siku. Ethanoli hulainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta na kunyonya unyevu, na maji hayo ndiyo yanayotia tangi kutu. Nilipofungua mpira wa zamani kwenye pampu ya petroli nikausugua kwa kidole, kidole kikatoka cheusi tii, na mpira ukamegeka kama mkate uliolowa chai. Sasa kumbuka tangi la Willys lilipo: chini ya kiti cha dereva. Ili ujaze mafuta unanyanyua mto wa kiti. Likivuja, umelikalia! Hivyo hata ukitumia E5, badilisha mipira yote uweke iliyopigwa chapa R9 ubavuni, yaani inayostahimili ethanoli, na daiframu (utando wa ndani) ya pampu pia.

Ya pili ni petroli ya alkileti, inayouzwa kwenye makopo. Haina ethanoli na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa safari ni ghali mno. Nunua lita chache za kulazia gari majira ya baridi.

E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10 na petroli ya kawaida huko tangu Septemba 2021, ni ya dharura. Itumie uimalize, isilale tangini.

Dawa ya kuchukua nafasi ya risasi, ile metali (ledi) iliyotiwa zamani kwenye petroli na kukinga siti za vali, yaani vikalio vyake, zisilike? Petroli yenye risasi iliondoka vituoni mwanzoni mwa 2000. Kama siti za vali ni za asili na unakimbiza gari barabara kuu, iongeze. Kwa mwendo wa taratibu wa maonyesho, hela hiyo kanunulie mipira.

Ya mwisho kabisa ni petroli iliyosahaulika kwenye dumu la lita 20 nyuma ya gari. Fungua kifuniko, nusa. Ikinuka kama vanishi, isiingie tangini hata tone.