pgcli: psql iliyoongezewa macho
Kwa anayeshinda ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye terminali, pgcli ni zana ya kuwa nayo. Isakinishe kwa `pipx install pgcli` (pipx ni kisakinishi cha programu za Python), kisha unganisha na hifadhidata kama ulivyozoea kwenye psql, zana ya terminali inayokuja na PostgreSQL. Uzuri wake mkubwa ni kupendekeza maneno kwa kusoma muktadha: ukiandika SQL, baada ya FROM inakuletea majedwali, baada ya WHERE safuwima za jedwali hilo. Jedwali jipya lililoundwa kwingine lisipoonekana, andika `\refresh`, maana orodha hupakiwa mwanzoni. Kero ni Enter: hutuma hoja (query) papo hapo, hata haijakamilika. Bonyeza F3 uwashe mistari mingi, isubiri nukta-mkato; au weka `multi_line = True` kwenye `~/.config/pgcli/config`. Kwa skripti, baki na psql.