Kadi ya grafiki ilisingiziwa: uzoefu wangu na laptopu ya gemu, Tabora

Laptopu niliichukua mwezi wa sita kwa muuzaji wa Kariakoo, mtumba, kwa 1,350,000. Ikapakiwa kwenye basi, kesho yake nikaipokea stendi hapa Tabora. Ndani ina prosesa ya Core i5-9300H, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki, yaani ile inayochora picha za gemu, NVIDIA GTX 1650 yenye GB 4. Kadi hiyo ilitoka 2019, si mali mpya, lakini kwa gemu ya GTA V haipaswi hata kutoa jasho. Yangu ilinipa fremu (picha) 14 kwa sekunde. Unakata kona, gari linakuja kugeuka ukiwa umeshagonga ukuta.

Kosa la kwanza nililigundua mwenyewe. Laptopu kama hii ina grafiki mbili: ile ndogo ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na hii ya NVIDIA. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, gemu ikiwa inakwenda, nikakuta Intel inahema asilimia 100 huku NVIDIA imekaa kama mgeni rasmi. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, upande wa Display kisha Graphics, nikaiambia gemu itumie kadi kubwa. Fremu zikapanda mpaka 60 hivi. Nikashangilia kwa kama dakika moja, halafu zikaanguka hadi 20 na hazikurudi.

Nikafuta draiva (programu inayoiendesha kadi), nikapakua mpya, bando la GB 3 likaisha, na hakuna kilichobadilika.

Baadaye nikashuku joto. Naishi Isevya, dirisha linatazama barabara ya vumbi, na ukifika mwezi wa tisa hapa hata chai ukiiacha wazi inaota utando mwekundu. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaiwasha, akaitazama kidogo, akasema: "Kadi imechoka hii. Lete laki mbili na nusu nikubadilishie." Nusura nitoe. Kilichoniokoa ni kwamba usiku ule nilisoma kidogo nikajua kwamba kwenye laptopu nyingi za aina hii kadi ya grafiki haichomolewi kama ile ya kompyuta ya mezani. Chipu imechomelewa kwenye ubao mama. Kwa hiyo ile laki mbili na nusu ilikuwa ya kubadilisha nini? Sikurudi kumuuliza.

Fundi wa pili yuko Kanyenye, kijana tu, meza yake iko kivulini chini ya mwembe. Yeye alifungua kwanza ndipo akasema. Nyuma ya feni kulikuwa na blanketi la vumbi, limekamatana kiasi kwamba alilivuta kwa kibano likatoka kipande kizima. Ile pesti inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea ilikuwa imekauka kama udongo. Akasafisha, akapaka nyingine, 25,000. Joto lilishuka kutoka nyuzi 94 hadi 78, na hiyo pesa siijutii. Lakini gemu ilikuwa bado inakwama vilevile! Kwenye MSI Afterburner, programu ya kuipima kadi, niliona inaanza na kasi ya megahezi 1,500 na ushee, baada ya sekunde chache inadondoka mpaka 300 na kubaki hapo, wakati joto halijafika hata 70.

Nikarudi kwake. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Kaka, chaja umekuja nayo?"

Akaigeuza laptopu, akanionyesha karatasi ya chini: volti 19.5, ampea 7.7. Akageuza chaja: volti 19.5, ampea 4.62. "Zidisha." Nikatoa simu, nikazidisha. Laptopu inataka wati 150, chaja inatoa 90. Prosesa peke yake imepangiwa wati 45 na kadi 50, hapo ni 95 kabla hujahesabu skrini, feni na diski. Pini ya chaja hizi ina sindano katikati inayoiambia laptopu imechomekwa chaja ya wati ngapi. Laptopu ikishajua ni ndogo, inajibana yenyewe, na wa kwanza kubanwa ni kadi.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mawili nikaona aibu. Moja, betri ilikuwa inashuka nikicheza huku nimechomeka kwenye umeme, kutoka 80 hadi 61 kwa mchezo mmoja, nami nikailaumu betri. Pili, siku ya kwanza kabisa nilipoiwasha ilileta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kuhusu chaja. Nikabonyeza Enter bila kusoma, haraka ya gemu mpya.

Akachomeka chaja ya mteja mwingine, ya wati 150. Nikafungua gemu palepale chini ya mwembe, watoto wawili wamesimama nyuma yangu. Fremu 70, nikaendesha robo saa, 70. Chaja yangu niliagiza Dar kwa 85,000.

Laptopu yenyewe naipa nne kwa tano. Moja naikata kwa kelele za feni (mama anauliza kama nasaga mahindi) na kwa RAM kuwa kijiti kimoja tu, nitaongeza cha pili mfuko ukiruhusu. Muuzaji nampa moja. Nilipompigia alisema chaja ni chaja tu, mbona inaingiza moto? Fundi wa Kanyenye nampa tano, na kwa kuipima chaja hakunidai hata soda.

Ile ya wati 90 sijaitupa. Kuandikia barua za kazi na kuangalia mpira inatosha kabisa.