Chupa za bakteria za tanki ya samaki: kabla hujalipa, angalia lebo imefifia upande gani

Mwezi uliopita nilizika samaki sita ndani ya siku nne, kwenye ndoo ya maua, na Bryo amesimama hapo ananiuliza kama goldfish nao huenda mbinguni. Na ukiwa unaishi Kisumu, kufuga samaki wa kuangalia tu tayari ni kesi, jirani yangu kila akiingia lazima aulize, "Mama Bryo, kwani hizi mtakaanga lini?" Sasa enda umwambie zimekufa zote na hata mafuta haikuwekwa motoni.

Nilikua nimenunua tanki ya lita 60, filta na chupa ya bakteria, vyote kwa duka moja hapa mjini, jamaa akaniambia mwaga chupa yote leo, jioni weka samaki, hakuna shida mama. Nikamwaga. Kesho yake goldfish wote wako juu juu wanahema kama watu wamebeba maji kupanda ngazi, siku ya tatu mashavu yamekua mekundu kama yamechomwa. Ndio nikaokota ile chupa kwa takataka niitazame vizuri. Upande mmoja lebo ni bluu imekolea, upande wa pili imefifia mpaka maandishi husomi. Hio chupa ilikua imekaa dirishani ikila jua la saa tisa, jua la Kisumu walai, sijui miezi mingapi. Na kibandiko cha bei kiliwekwa wapi? Juu kabisa ya tarehe. Nikakwangua na kucha. Imeexpire miezi kumi na moja iliyopita.

Kwa wale wanaanza, samaki akitoa taka mwilini na chakula kikioza maji yanapata amonia, hio ni sumu. Kuna bakteria wanaibadilisha kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaibadilisha hio kuwa nitreti ambayo samaki anavumilia, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tanki mpya haina hao bakteria, na ukiwangoja waje wenyewe ni kama wiki nne mpaka sita. Chupa ni ya kufupisha hio safari, na inafupisha tu kama wale walio ndani wako hai, hapo ndio watu wote wanaruka. Nimesoma miongozo mingi inalinganisha mililita na bei, mmoja haukuniambia niangalie chupa imelala wapi tangu itoke kiwandani. Hawa ni viumbe, joto kali linawaua, kugandishwa kunawaua, na hata wakitunzwa vizuri siku zao zinahesabika.

Kwa hivyo mimi napanga kwa hio moja tu, chupa gani inaweza kuvumilia duka la hapa kwetu.

Ya kwanza ni Seachem Stability, na sifichi napendelea. Hawa wanasema bakteria wao wako kwa hali ya spora, wamelala kama mbegu, haitaki friji na haina haraka ya kuharibika. Najua wenye tanki kubwa watanirukia, na wana hoja, juu wale wa kula amonia wenyewe hawatengenezi spora, hio ni baiolojia. Ndio maana Stability haikimbii, na mtu akikuambia itakomaza tanki usiku mmoja anakudanganya. Lakini heri yangu ya polepole iliyofika salama kuliko ya moto iliyofika maiti. Tanki ya pili niliweka nayo, nikapima kila siku, hakuna samaki amekufa mpaka leo. Kipimo ni mililita 5 kwa kila lita 40 siku ya kwanza, halafu mililita 5 kwa kila lita 80 kila siku kwa siku saba. Piga hesabu, tanki ya lita 60 haimalizi hata mililita 40. Chupa ya mililita 100 inakutosha na inabaki, sasa mbona kila duka nikiingia nasukumiwa ile ya 500? Nunua bomba la sindano kwa chemisti, upime nalo.

Ya pili, DrTim's One and Only. Ukiweza kuipata ikiwa mpya, hii ndio yenye nguvu kweli. Huyo Tim ni Timothy Hovanec, na utafiti wao wa 1998 ndio ulionyesha kwamba kwa tanki za maji baridi (yasiyo ya chumvi) wanaokula nitraiti ni Nitrospira, sio Nitrobacter kama watu walivyokua wanaamini. Kwa hivyo ukiona chupa ya maji baridi inajisifu na Nitrobacter, weka chini utoke. Shida ya DrTim's ni barabara. Ukiagiza kutoka Nairobi, mwambie muuzaji aitume na basi la usiku, sio ile ya saa nne asubuhi inakaa kwa buti mpaka jioni halafu inangoja kwa ofisi ya mizigo chini ya mabati. Ikifika na harufu ya mayai viza usiitupe bado, harufu peke yake haisemi wamekufa. Na usiache amonia ipite miligramu 5 kwa lita kwenye kipimo, wenyewe wanakataza.

Tetra SafeStart naiweka ya tatu, ni nzuri, ina tarehe, lakini ndio nimeiona imepangwa dirishani kuliko zote. FritzZyme 7 ni karibu hapo hapo. Ile kaka yake, TurboStart 700, inataka friji, kwa hivyo kabla hujalipa muulize muuzaji friji yake iko wapi, akianza kucheka umejibiwa.

Za bei ya chini zile hazina jina la kampuni, na zile za kumiminwa kwa chupa ya maji zimeandikwa "bakteria" na kalamu, sina la kusema. Hapana.

Kama una rafiki mwenye tanki ya zamani yenye samaki wazima, omba sponji ya filta yake, iwekwe kwa mfuko na maji ya tanki ile ile, uiingize kwa filta yako siku hio hio. Hio inashinda kila chupa niliyotaja na ni bure.

Ukishanunua, ijaribu kabla samaki hawajaingia. Ondoa klorini ya maji ya mfereji kwanza juu itaua hao bakteria wako. Halafu unahitaji chakula cha kutoa amonia, mimi nilitumia omena nne kwa soksi ya nailoni, nikaning'iniza ndani, nyumba ikanuka kama soko ya Kibuye saa kumi na mbili jioni lakini ilifanya kazi. Pima na kipimo cha matone, kile cha kampuni ya API, amonia ikiwa sufuri maji yanakaa manjano, ikiwepo yanaenda kijani. Zikipita siku kadhaa amonia inapanda tu na nitraiti haionekani kabisa, hio chupa ulinunua maji. Amonia na nitraiti zikirudi sufuri zote mbili, nitreti ikionekana, toa soksi, badilisha maji mengi, anza na samaki wawili sio sita.

Kipimo hicho kinauzwa ghali kuliko bakteria wenyewe, hio ndio inaniuma, juu bila kipimo hujui kama umeuziwa kitu, na wauzaji wanajua hujui. Nilirudi kwa yule jamaa na chupa yangu mkononi, nikamwonyesha tarehe, akaniambia bakteria haiexpire mama, samaki wako walikua na stresi. Stresi! Nimewanunua kwake.

Juzi nimepita hapo nikienda Oile. Chupa mbili bado ziko dirishani, sasa lebo imekua nyeupe kabisa upande wa barabara, na kibandiko kimebadilishwa. Ameongeza mia mbili.