Kuijua hedifoni kabla hujainunua: nilivyozilinganisha kwa kuigiza sauti zake

Wakuu, hii ni kwa yeyote anayetafuta hedifoni nzuri na hana pa kuzijaribia. Mimi kazi yangu ni kurekodi na kumiksi, taarab za maharusini, kaswida, mara mojamoja vijana wa singeli, na kwa hapa Dar ukiingia dukani Kariakoo ukasema naomba niivae hii nisikilize kwanza ni mtihani, boksi lina sili, muuzaji anakwambia ukifungua umenunua, na namuelewa kabisa maana akishafungua nani atakuja kuichukua kama mpya. Zinazojaribiwa ni zile za bei ndogo zinazoning'inia mlangoni. Sasa mtu unataka kutoa laki kadhaa unachagua kwa picha na maneno ya watu? Ndo nikaanza hii njia ya kuziigiza kwenye kompyuta, na nimekaa nayo muda wa kutosha kusema inafaa wapi na inagoma wapi.

Iko hivi. Kila hedifoni ina tabia yake, kuna masafa (besi, katikati, sauti za juu) inayapandisha na mengine inayashusha. Kuna watu wana sikio la bandia lenye maikrofoni ndani, wanaivalisha hedifoni, wanaipima kuanzia hezi 20 hadi 20,000 (hezi ni kipimo cha masafa, ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu), wanaweka grafu mtandaoni bure. Ukiwa na grafu ya hedifoni uliyoivaa na grafu ya ile unayoitamani, unachukua tofauti yao unaigeuza ikwalaiza, yaani kichujio cha kupandisha na kushusha masafa. Kama yangu kwenye hezi 100 imeizidi ile desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ikwalaiza inashusha 3 hapohapo, na inaendelea hivohivo mpaka juu. Ukiweka wimbo unausikia kwa rangi ya ile nyingine, sio asilimia mia lakini karibu kuliko nilivyotegemea.

Vipimo na mahesabu navitoa AutoEq, ni mradi wa bure wa jamaa anaitwa Jaakko Pasanen, una hedifoni maelfu. Kwenye Windows namalizia na Equalizer APO, programu ya ikwalaiza ya kompyuta nzima, nayo bure, na mwenye Android anaweza kutumia Wavelet akaingiza faili la ikwalaiza humo. Bando halisumbui kabisa, faili lenyewe ni maandishi na namba tu.

Na wala sio ujanja wa vijana wa mtaani. Watafiti wa Harman, ndo wenye JBL na AKG, akina Sean Olive na Todd Welti, mwaka 2013 walitoa utafiti wa namna hii, wakachukua hedifoni moja wakaifanya iige zingine, msikilizaji haoni jina, haoni bei, wala kichwani hahisi kimebadilika kitu. Maana hapo kabla ukimvalisha mtu hedifoni nzito ya ngozi tayari kashajua hii ya ghali, maksi zinaanza kupanda kabla wimbo haujaanza. Hilo peke yake linanitosha kuiheshimu hii njia, kwasababu sisi wenyewe kwenye kazi tunajua jina linavyodanganya sikio.

Ila kuna masharti na ukiyaruka umepoteza muda wako. La kwanza na kubwa ni sauti kulingana. Inayopiga juu kidogo siku zote itaonekana nzuri zaidi, hata desibeli 1 inatosha, na wala hutasema hii ina sauti kubwa, utasema hii ina uhai, hii iko wazi. Kwahiyo kila igizo nalishusha au kulipandisha mpaka yalingane ndo nabadilisha. Pia kama ikwalaiza inaongeza besi desibeli 6 basi priampu (kitufe cha kiwango cha jumla humo kwenye ikwalaiza) unaiweka -6, usipofanya hivo mawimbi yanakatwa vichwa na unachosikia ni mikwaruzo ambayo haina uhusiano na hedifoni yoyote. La pili, hedifoni unayoivaa iwe ile iliyopimwa kweli, pedi zikishachakaa au ukaweka pedi za kununua pembeni tabia inabadilika hasa besi, grafu ya mtandaoni inakua sio yako tena. Na mwenye miwani aivue, mkono wa miwani unaacha upenyo na besi inatokea hapo. Za Bluetooth zenye kuzuia kelele mimi siziweki kuwa za msingi, nyingi tabia yake inabadilika ukiwasha au kuzima hicho kitu, sasa iliyopimwa ni ipi?

Na zile video za kulinganisha ambapo mtu anaivalisha hedifoni maikrofoni halafu anakurekodia mimi sizikubali, unaisikia ya kwake kupitia ya kwako, ni sawa na kuonja chai ya mwenzio kwenye kikombe ambacho sukari yako bado iko chini. Kuigiza kwa vipimo kunaiondoa kwanza hiyo sukari yako.

Haya sasa, nilizozipanga ni nne: Audio-Technica ATH-M50x, Beyerdynamic DT 770 Pro, AKG K371 na Sennheiser HD 600. Ya msingi niliyovaa ni ya waya ya studio, iliyofungwa nyuma, ambayo naijua vizuri. Nyimbo nilitumia rekodi zangu mwenyewe kwasababu pale nilikuwepo, najua kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) ilisikikaje chumbani na mwimbaji alisimama umbali gani na maiki.

M50x besi imejaa na juu kuna mng'ao, singeli humo inatembea vizuri sana, ile ngoma ya chini inayokimbia bila kupumua unaihisi. Lakini nikaweka taarab fidla zikarudi nyuma ya besi, nikaiacha, kwa kazi yangu haifai ingawa kwa starehe ningeichukua.

DT 770 Pro ndo iliyonifundisha zaidi. Kwenye grafu unaona kilima kuzunguka kilohezi 8, sasa kwa maneno ni mstari tu umepanda, ila weka rekodi ya bibi mwimbaji mwenye sauti ya mbele, Kiswahili chetu kina "s" na "sh" nyingi, kila akisema shida, shauri, nisikize, ile "sh" inatoka mbele ya neno lenyewe. Nilirudia kipande hichohicho nikiwasha na kuzima igizo, na baada ya hapo grafu yoyote yenye kilima pale najua masikioni itakuaje bila hata kuisikia. Wapo wanaoipenda hivo, inafichua uchafu wa rekodi, kuna pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa nguo kwenye maiki nilivisikia humo ambavyo kwingine vimejificha. Mimi kukaa nayo usiku kucha hapana.

Zikabaki K371 na HD 600. K371 ya mwaka 2019 inafuata kwa karibu ule mstari wa grafu ambao Harman waliutoa kwenye tafiti zao kuwa wasikilizaji wengi wanaupenda, besi ya chini kabisa ipo, katikati pametulia. HD 600 ni ya zamani, 1997, chini kabisa inateremka, hezi 40 kushuka humo usitegemee makubwa, ila katikati, jamani katikati! Udi na kanuni zikipiga pamoja unazitenganisha bila kujikakamua, ukucha ukigusa uzi unausikia kabla noti haijafunguka.

Hapo sikujiamini kwa macho wazi. Nikapitisha wimbo mmoja kwenye ikwalaiza zote mbili, nikatoa mafaili mawili yenye sauti sawa, nikayaweka foobar2000, programu ya kuchezea muziki, yenye kifaa cha ABX, kinakuchezea X na wewe useme ni A au ni B. Kwenye singeli nilizitofautisha haraka kwa besi. Kwenye taarab ilinibidi nitege kwenye fidla za juu, lakini nilizipata, na mdogo wangu ambae hana habari na mambo haya nikampa asikilize bila kumwambia chochote akaniambia, "Kaka hii ya pili mama yuko karibu." Ilikua HD 600.

Jamaa yangu alikua anarudi toka Dubai nikamuagiza hiyo HD 600. Sasa igizo na kitu chenyewe: rangi ya katikati ni ileile, mwimbaji yuko palepale, ukucha wa kanuni ni uleule, hapo naipa heshima zote. Besi nayo inateremka kama grafu ilivyosema. Juu kabisa, kuanzia kama kilohezi 8 hivi, kuna utofauti unaosikika, na sababu inajulikana, huko mawimbi ni mafupi yanategemea umbo la sikio lako na hedifoni imekaaje, sikio la bandia sio langu.

Ambacho igizo halikubeba kabisa ni uwazi. HD 600 iko wazi nyuma, sauti inatoka nje ya kichwa, muziki unakua na nafasi kuzunguka, na hedifoni iliyofungwa hata uipake ikwalaiza vipi haitakupa hiyo. Upande wa pili wa uwazi huohuo ni kwamba bodaboda, feni, mwanao akilia, vyote vinaingia, na aliye karibu yako anausikia wimbo wako. Pia ni ya omu 300, yaani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, simu inaisukuma kwa tabu, nimeichomeka kwenye kiolesura cha kurekodia (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) ndo ikaamka. Namna inavyobana kichwa, uzito, joto la Dar kwenye masikio, hayo faili la namba haliwezi kukwambia kitu.

Kwahiyo mimi ninavyoitumia sasa ni kukata majina. Ukiwa na kumi unaigiza zote jioni moja, saba zinaondoka zenyewe bila kumlipa mtu nauli, zile tatu zilizobaki ndo unatafuta mwenye nazo, studio ya jirani, msikitini kwenye mitambo, DJ wa mtaani, uivae kichwani kwa dakika chache tu uangalie inavyobana na inavyozuia kelele, maana rangi yake unayo tayari. Anayetaka kuanza aanze na wimbo anaoujua neno kwa neno, na asiguse kitufe cha kubadilisha kabla hajalinganisha sauti.