Kifurushi cha michezo cha "HD", ilivyo kweli

Nisiwazungushe, hiki kifurushi chaneli zake zote za michezo zimeandikwa HD, yaani picha yenye ubora wa juu, ila HD ya ukweli ni chache, zingine ni picha ya kawaida imekuzwa tu ikabandikwa jina. Ukibonyeza info kwenye rimoti inakuandikia 1080, yaani mistari ya picha ya HD, usibabaike nayo, hiyo ni saizi ambayo king'amuzi kinaitoa kwenda kwenye TV, haikwambii kule uwanjani picha ilitoka vipi.

Chaneli ya ligi kubwa sina neno. Kamera iko mbali inaonyesha nusu uwanja na bado nasoma namba za jezi, matundu ya wavu unayaona. Sasa hamia zile mechi za daraja la chini, duh, nyasi zote zimekuwa zulia moja la kijani, mpira ukipigwa mrefu unapotelea kwa mashabiki, mgongoni kama ni 3 au 8 unabahatisha. Kinachozuga watu ni ule ubao wa magoli pale konani, uko mkali balaa manake mara nyingi unawekwa picha ikishakuzwa, kwahiyo jicho likitua pale unasema mbona safi. Hata kocha akivutwa karibu anapendeza, uso mmoja umejaza skrini hauhitaji pikseli nyingi, vile vidoti vinavyounda picha. Pimia kwenye picha ya mbali.

Na hesabu yake inauma, picha ya kawaida 720 kwa 576 ina pikseli laki 4 na ushee, 1920 kwa 1080 ni milioni 2 na ushee, yaani katika kila pikseli tano unazoangalia nne mashine imezikadiria kwa kuchungulia za jirani. Kukuza sio dhambi lakini, Super Bowl ya 2020, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, kituo cha TV cha Fox waliitengeneza kwa 1080p yenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi) ndo wakaikuza iwe 4K, pikseli mara nne ya hizo, ila pale chanzo kilikuwa kizima, hapa wanakuza kitu ambacho hakikuwepo.

Huduma kwa wateja wakaniambia niongeze ukali wa picha kwenye setingi za TV. Nimeongeza, wachezaji wameota mstari mweupe pembeni na namba bado hazisomeki, nimerudisha chini.

Ligi kubwa naipa 9 kwa 10, zilizobaki 4, na hiyo 4 ni ya watangazaji.