Matairi niliyoyalaani mwezi mzima, na duka nisilolisamehe

Naanza na duka, maana hasira yangu iko huko. Ni duka la matairi hapa Tanga mjini. Jina silitaji, wenyewe wakisoma haya watajijua. Matairi nitayafikia.

Gari ni Altezza ya mume wangu. Yeye ni baharia, mwaka mzima yuko nyumbani wiki za kuhesabu, kwa hiyo gari liko mikononi mwangu: soko la Mgandini, watoto madrasa, Muheza kwa shangazi. Matairi ya zamani yalikuwa yamebaki vipara, na moja la nyuma lilishaanza kuonyesha nyuzi. Mume wangu akaniambia kwa simu, "Mke wangu, tafuta mitumba ya Japani, yatakufaa." Nikaenda kuyatazama. Kwa macho mazuri, meno bado marefu, na bei karibu nusu. Lakini mengi niliyoyageuza yalikuwa na kile kialama cha mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Yametengenezwa kwa ajili ya barafu. Mpira wake umefanywa laini kwa makusudi, usikakamae baridi inaposhuka chini ya digrii 7. Sasa mpira huo ukauburute kwenye lami ya Tanga mwezi wa pili, lami ambayo peku huikanyagi, utalika kama kifutio cha mwanafunzi. Nikakataa.

Nikaamua kununua mapya, ya bei ya chini, yale ya spoti yanayotengenezwa China kwa ajili ya nchi za joto na kiangazi. Nililipa laki saba na ushee kwa manne. Nilisoma namba nne za ubavuni kabla sijatoa pesa, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, nikakuta hayajatimiza hata mwaka tangu yatoke kiwandani. Kwa hilo duka sina neno nao. Walinipokea vizuri, wakaniletea soda baridi, vijana wawili wakafunga matairi yote manne haraka haraka, wakapiga balansi, wakajaza upepo, nikatoka nimefurahi.

Kiangazi chote nilikuwa nayasifia. Gari lilitulia, usukani ukawa mwepesi kunijibu, na ile kona ninayoingilia nyumbani ambayo zamani lazima nipunguze mwendo hadi gari lilalamike, nikawa naichukua bila hata mtoto wa nyuma kuinamia dirisha. Shemeji yangu alinisikia nikiyasifia akasema ya Kichina hayo, subiri. Nikamjibu vibaya, na nilikuja kumwomba radhi kwa sababu nilidhani amesema kweli.

Vuli ikaanza.

Tulikuwa tunarudi Muheza, mimi mbele, mpwa wangu pembeni, mama yangu nyuma na kiroba cha machungwa miguuni mwake kwa kuwa buti lilishajaa. Mvua ilitukuta kabla ya Pongwe, mvua ile ya kwetu ambayo haikuonyeshi hata kofia ya gari lako. Nilipunguza. Nasema hivi kwa sababu huko dukani waliniambia maneno mengine: nilikuwa kwenye 60, wala si zaidi. Mbele yetu maji yalikuwa yamekaa barabarani, si shimo, ni maji tu yaliyotanda. Nikagusa breki. Nimegusa, sikukanyaga. Gari likavuta kushoto kama mtu kalishika mkono, upande wa kulia nikausikia hauna uzito, unaelea. Usukani ukawa mtupu. Nikamsikia mama nyuma, "Yaa Latifu, Yaa Latifu," na machungwa yanabingirika chini ya viti. Tulisimama nje ya lami, mita chache kutoka kwenye mtaro, pua ya gari kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Mama alishuka akakaa kwenye mvua kwa sababu alikataa kukaa ndani.

Usiku ule kama ningeandika haya, ningewaambia msiyachukue matairi hayo hata mkipewa bure. Na nililiamini hilo kwa moyo wote. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, kila nikilikumbuka lile neno lake mikono inakufa ganzi. Kwa muda wa mwezi hivi hakupanda gari langu tena, akawa anakwenda Muheza kwa daladala.

Aliyegundua ni mpwa wangu, akiosha gari Jumapili moja. Akaniita, "Shangazi, hebu njoo uone." Matairi haya yamechongwa mifereji kwa umbo la herufi V, na ubavuni yana mshale pamoja na neno ROTATION. Mshale ule unaonyesha upande ambao tairi lazima lizungukie. Upande wa kushoto wa gari, mishale kwa juu inaelekea mbele. Upande wa kulia, inaelekea nyuma. Yote mawili! Wale vijana waliyafunga manne kwenye rimu kwa namna moja, kama sahani, na tairi la mshale haliwezi kufungwa hivyo, kwa sababu ukiligeuzia upande wa pili wa gari linazunguka kinyume. Ile V kazi yake ni kukamata maji yaliyo katikati ya tairi na kuyasukumia nje pembeni. Ikizunguka kinyume, mifereji inayarudisha maji ndani badala ya kuyatoa, na tairi linapanda juu ya maji. Ndiyo maana kwenye ukavu sikuona lolote. Ndiyo maana gari lilivuta kushoto: kushoto kulishika, kulia kukaelea.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani na risiti mkononi. Nikasalimia vizuri, nikaeleza vizuri. Muuzaji, yule yule wa soda, hakutoka hata kwenye kiti. Akasema, "Dada, huo mshale ni urembo wa kiwanda tu, hauna kazi." Nikamwambia neno lililoandikwa pale lina maana yake. Hapo ndipo akanipita mimi, akamgeukia mpwa wangu, mtoto wa kidato cha tatu, akamwambia, "Mdogo wangu, mweleze shangazi yako, mvua inataka mtu apunguze mwendo. Gari hizi si za akina mama." Palikuwa na wateja wengine wanne watano, wakacheka. Mimi ninaendesha gari toka sijaolewa. Barabara ya Tanga kwenda Segera naijua kila bonde lake. Na huyu bwana anazungumza na mtoto juu ya kichwa changu, kwa pesa niliyotoa mimi, juu ya kosa lililotaka kumuua mama yangu!

Nilimwambia atoke nje anione nikimwonyesha. Akasema yuko na kazi. Nikasema basi niitie mwenye duka. Mwenye duka yuko safari. Nikauliza ni kiasi gani kuyafungua mawili na kuyageuza, akanitajia bei kamili ya kufunga, kana kwamba nimeingia mara ya kwanza. Sauti yangu ilipanda, nakubali, na sijutii. Kama ungekuwa ni mlango wa kabati umefungwa kinyume ningenyamaza. Hili ni tairi.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa Makorora, mzee mtaratibu, kibanda cha mabati na mashine moja iliyochakaa. Sikumweleza kitu. Akazunguka gari mara moja, akagonga tairi la kulia kwa kidole, akasema, "Mwanangu, aliyekufungia haya hakuangalia mshale." Aliyavua mawili ya kulia kwa mashine, akakataa kutumia mitaimbo kwa sababu tairi lenye ubavu mfupi hivi ukilishindilia kwa chuma unaumiza ukingo wake na kuichubua rimu. Akageuza, akapiga balansi upya, akajaza upepo 33 yote. Alinitoza elfu kumi na tano. Tena akanifundisha kwamba kuanzia sasa nikitaka kuyabadilisha nafasi, la mbele liende nyuma upande ule ule, lisivuke kwenda upande wa pili.

Na matairi? Ndiyo nimefika. Mvua za vuli zilizobaki nimeyaendesha Tanga hadi Korogwe, na siku moja Mombo, mvua inamwagika kiasi cha mabasi kuwasha taa za hatari. Yameshika. Nimepita kwenye maji yaliyotanda kama yale ya Pongwe, na gari limekata katikati yake, unayasikia maji yakigonga chini pembeni na usukani bado mzito mkononi. Kwa bei ile sikutegemea. Mwanzo nilikuwa nimesema nitayapa nyota mbili. Kisha nikasema nne, moja naiondoa kwa sababu yanalika upesi. Na hili mlijue kabla hamjanunua: tairi la spoti lina mpira unaonata, na mpira unaonata hauishi miaka mitatu kwa mtu anayekwenda Dar kila wiki. Yangu ya mbele tayari nayaona yameshuka. Mwenye teksi asiyachukue, atalia. Lakini nikikumbuka kwamba yalinibeba kiangazi na nusu ya vuli yakiwa yamefungwa kinyume na mtu asiyejua kusoma mshale, na mimi nikayatukana mchana na usiku, siwezi kuyanyima. Nyota tano. Shemeji yangu nimemrudia nikamwambia, na safari hii kanyamaza.

Mama alipanda wiki iliyopita kutoka stendi ya Kange. Mvua ilikuwa inanyesha. Akauliza, "Ndiyo yale yale?" Nikasema ndiyo yale yale, mama. Njia nzima alishika kile kishikio cha juu ya mlango, hadi tulipopita maji ya kwanza, kisha akakiachia.

Duka lenyewe, nyota sifuri. Nilitaka kusema moja kwa sababu waliniuzia mzigo mpya na kwa bei ya haki, hawakunidanganya mwaka. Hapana, sifuri. Mzigo walitengeneza wengine. Kazi yao ilikuwa kufunga tu, na walipokosea ilikuwa kusema samahani, wakaona ni afadhali kumwelekeza mtoto anifundishe kuendesha. Mwenye duka akirudi hiyo safari yake, elfu kumi na tano za fundi wa Makorora anadaiwa yeye. Risiti zote mbili ninazo, ziko kwenye gari.