Gran Turismo 7, Assetto Corsa Competizione na wenzao: ni upi unaoshika kona kwenye PS4?

Watu wakija kuniuliza kuhusu michezo ya mbio, wanaanza na picha. Upi unang'aa zaidi? Upi una mvua inayofanana na mvua? Mimi huwauliza kwanza mashine yao ni ipi na televisheni yao ni ya aina gani. Kwenye PS4, yaani PlayStation 4, ambayo ndiyo bado iko katika nyumba nyingi ninazozijua hapa Lubumbashi, picha na usukani ni kitu kimoja. Idadi ya picha ambazo mashine inakuletea kila sekunde ndiyo inayoamua kama utajua tairi linateleza wakati bado unaweza kuliokoa, au wakati gari limeshakula majani. Hukumu zangu ni za mtu anayeshinda chini ya magari: kazi yangu ni amotisa (vizuia mtikisiko), rotili (viungio vya magurudumu) na paralelismu (kunyoosha magurudumu), na garaji yangu iko Katuba.

Ninacheza kwenye PS4 ya kawaida, si ile ya Pro yenye nguvu zaidi. Nina maneti yake, kile kidude cha vitufe cha kushika mikononi, na nina usukani wa Logitech G29 niliofunga kwenye meza ya chuma niliyoichomelea mwenyewe. PS5 ninaipata kwa shemeji yangu, mtaa wa Golf.

Nianze na Gran Turismo 7, maana ndio karibu kila mtu anaoutaja. Umetengenezwa na Polyphony Digital ya Japani, ukatoka tarehe 4 Machi 2022 kwa PS4 na PS5. Jambo kubwa ambalo wengi hawalisemi ni kwamba hata kwenye PS4 unalenga picha 60 kwa sekunde. Ili kufika hapo wamepunguza vitu: ukiweka PS4 na PS5 ubavu kwa ubavu utaona miti ya PS4 ina majani machache, vivuli vina kingo za kukatika, na ukali wa picha ni mdogo. Lakini mwanga wamekataa kuupunguza. Jua likishuka, rangi ya boneti inageuka taratibu kutoka nyeupe kwenda dhahabu, na chuma kinaonekana kweli ni chuma kilichopigwa rangi. Mimi ninayeyaona magari yakitoka kwa mpiga rangi naweza kusema: hao watu wametazama gari kwa macho, wametazama sana.

Kuhusu uendeshaji, nitachukua gari moja tu, Toyota Alphard. Ndiyo, ile ile ya familia, inayotoka Japani ikipitia Dar es Salaam na Kasumbalesa ikiwa na usukani upande wa kulia. Wameiweka ndani ya mchezo. Nimelala chini ya hizo gari mara nyingi, najua springi zake na najua uzito wake umekaa juu. Ukiiingiza kwenye kona kwa mwendo mkali, kwanza bodi inalala upande wa nje, halafu tairi la mbele la nje linaanza kulia, halafu pua inakataa na gari linataka kwenda moja kwa moja. Ukiachia gesi kidogo, uzito unarudi mbele na pua inakubali tena. Mpangilio huo ndio wa barabarani, hatua kwa hatua. Mchezo unaoweza kuonyesha tabia ya gari la mizigo na watoto kwa uaminifu namna hiyo, ninauamini pia unaponipa Porsche.

Ninachokitilia shaka ni ule ukimya wa usukani ukiwa katikati. Kwenye G29, barabara ikiwa imenyooka, hausemi mengi. Unaanza kuongea pale tu unapokata kona. Kwa maneti hulioni hilo, na nadhani mchezo huu umepangwa vizuri zaidi kwa mwenye maneti kuliko kwa mwenye usukani. Julai 2024 walileta sasisho lililobadilisha hesabu za sispensheni na za matairi. Lilipotoka, baadhi ya magari yalianza kurukaruka mpaka kupaa hewani, marekebisho yakafuata siku chache baadaye. Baada ya hapo magari mengi yamekuwa na uzito unaosikika zaidi, hasa unapopanda ukingo wa barabara kwa tairi moja.

Kikwazo chake kwetu ni intaneti. Sehemu kubwa ya mchezo haifunguki bila kuunganishwa, na hata ile safari ya kukusanya magari ukiwa peke yako inadai mtandao. Toleo la PS4 linakuja na diski mbili, na bado masasisho yanakula mega nyingi. Kama nyumbani unanunua mega kidogo kidogo kwenye simu, fanya hesabu hiyo kabla ya kulipia diski.

Sasa Assetto Corsa Competizione, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio mchezo ninaouheshimu kuliko yote na ndio unaowakatisha watu tamaa. Unatoka kwa Kunos Simulazioni ya Italia. Ulifika PS4 Juni 2020, halafu PS5 Februari 2022. Hauna magari mengi, ni magari ya mashindano ya GT tu, yaani magari ya mwendo kasi ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mbio. Barabara zake zimepimwa kwa leza, kwa hiyo kila kibonde na kila kiraka cha lami kipo pale kilipo duniani. Upepo wa tairi unapanda na kushuka kulingana na joto la tairi na la lami. Pedi za breki zinaisha. Mvua ikinyesha maji yanakusanyika mahali pa chini, na ikikatika, njia inakauka kwanza pale magari yanapopita. Mtu wa kazi yangu anaweza kukaa saa nzima kwenye ukurasa wa kupanga gari bila kuendesha hata mita moja, na asione amepoteza muda: kamba (tairi kulala ndani au nje), kasta (mlalo wa mhimili wa usukani), ugumu wa springi, baa ya kuzuia kulala, vyote vipo na kila kimoja kinafanya kazi yake.

Lakini kwenye PS4 unaleta picha 30 kwa sekunde. Tuhesabu. Gari linalokwenda kilometa 200 kwa saa linapita karibu mita 55 na nusu kila sekunde. Kwa picha 60, kati ya picha moja na inayofuata gari limesogea chini kidogo ya mita moja. Kwa picha 30, limesogea karibu mita 1.85. Kwa hiyo unakanyaga breki kwa kuangalia mahali ambapo gari halipo tena. Hapo bado hujaongeza ucheleweshaji wa televisheni yenyewe.

Pa kulipima hilo ni Kyalami, ya Afrika Kusini, kilometa 4.5 hivi, ambayo inauzwa kama nyongeza ya mchezo huu. Baada ya kona ya Leeukop, barabara inaporomoka kwenye sehemu wanayoiita Mineshaft, na gari linakuwa jepesi nyuma wakati huo huo unapolitaka lishike. Nyuma ikianza kutoka, una nafasi ndogo sana ya kurudisha usukani. Mtoto wa dada yangu alipojaribu hapo kwa maneti, alisema neno ambalo tangu siku hiyo ninalitumia kuelezea mchezo mzima: “Tonto, minaona kona, lakini motoka inachelewa kunisikia.” Hesabu zote za tairi zilikuwa sahihi. Kilichochelewa ni jicho.

Kwa usukani mambo yanakuwa nafuu, kwa sababu hesabu za tairi haziendi kwa mwendo wa picha. G29 inakuwa nyepesi mkononi pale tairi za mbele zinapoanza kuachia, na mkono unajua kabla ya jicho. Ndiyo maana watu wawili wenye mchezo ule ule na mashine ile ile wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akisema haufai na mwingine akisema hakuna kama huo. Wa kwanza ana maneti, wa pili ana usukani. Nenda kwa PS5, pata picha 60, na ubishi unakwisha: hakuna mchezo mwingine kwenye mashine za nyumbani unaoniambia habari za tairi kwa ukamilifu kama huu. Ukiuliza picha, hata kwenye PS5 hauna ule mng'ao wa Gran Turismo. Rangi zake zimepauka kidogo na miti haivutii. Mimi sijali hata kidogo.

Kuna mtu atasema: mbona DriveClub ulikuwa na picha 30 na watu waliupenda? Ni kweli. Ule mchezo wa Evolution Studios wa Uingereza, wa mwaka 2014, hadi leo una mvua nzuri kuliko michezo mingi mipya. Matone kwenye kioo cha mbele yanakimbia kwenda juu unapoongeza mwendo na kwenda pembeni unapokata kona. Lakini gari lake linasamehe, linakuvuta lenyewe kwenye njia, kwa hiyo macho kuchelewa hakukugharimu. Kwa anayetaka kusikia tairi likifanya kazi, si wa kulinganishwa na hii mingine. Studio ilifungwa mwaka 2016 na seva zikazimwa Machi 2020, basi ukiukuta ni diski iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine tu.

Ule ninaoutetea mbele ya kila mtu ni Dirt Rally 2.0, wa Codemasters, wa Februari 2019. Ni rali: kokoto, tope, udongo. Kwenye PS4 unaleta picha 60. Na una kitu ambacho dereva yeyote wa mitaa yetu ya udongo mwekundu anakijua mwilini: njia inaharibika. Ukianza nyuma ya wengine, unakuta mitaro iliyochimbwa na matairi ya waliotangulia, na mitaro hiyo inakushika. Ukitaka kutoka kwenye mtaro katikati ya kona, gari linakataa, linakataa, halafu linatoka ghafla na kukutupa upande wa pili. Vile vile kabisa kama mtaa wetu Februari, baada ya mvua za wiki nzima. Dawa yake pia ni ya kweli: unagusa breki kabla ya kona ili uzito uje mbele, pua inauma udongo, nyuma inazunguka, halafu gesi. Vijana wanaopenda mpira tu, nikiwapa huu, wanaelewa uzito wa gari haraka kuliko ningewaeleza kwa mdomo garajini.

Picha zake si za kutangaza kwenye ukuta wa duka. Watazamaji kando ya njia wamekaa kama mbao. Lakini vumbi, hasa jua likiwa chini mbele yako, linakuziba macho kweli. Anayetaka udongo wa Afrika autafute WRC 9, wa mwaka 2020, wenye Safari Rally ya Kenya. Rangi ya ardhi wameipata vizuri, ila gari ninaliona jepesi mno likiruka na kutua.

Forza Motorsport wa mwaka 2023 nimeucheza kwa jamaa mmoja wa mgodini mwenye Xbox Series X. Kwa maneti ndio mtamu kuliko yote, na tairi lake lina hesabu nyingi zaidi kuliko la Forza za zamani: walisema sehemu nane za kugusa lami badala ya moja. Kyalami imo pia, tena bila kuilipia nyongeza. Lakini Xbox huku ni chache, kubadilishana diski ni shida, basi siwezi kumshauri kijana anunue mashine kwa ajili yake.

Kabla hujanunua mchezo wowote, ingia kwenye menyu ya televisheni. Nyingi huku zimewekwa kwa Kifaransa. Tafuta panapoandikwa Mode jeu (hali ya mchezo), washa, halafu zima vile vitu vyote vya kulainisha picha. Televisheni inapokaa kupamba kila picha, inakuchelewesha, na hakuna fizikia ya Kiitaliano wala ya Kijapani itakayokuokoa. Nimeona watu wakilaumu mchezo kumbe kosa lilikuwa hapo.

Mwenye PS4, maneti na mtandao wa kutegemewa achukue Gran Turismo 7. Mwenye PS4 na mega za kubahatisha achukue diski ya Dirt Rally 2.0. Assetto Corsa Competizione kwenye PS4 uchukue tu ukiwa na usukani. Kwenye PS5 uwe wa kwanza kununua.

Na usukani wenyewe, ukiununua uliokwisha kutumiwa, ukague kama unavyokagua rotili. Uliza uwashwe mbele yako, uuache uzunguke wenyewe hadi mwisho pande zote mbili. G29 inazunguka digrii 900, kwa hiyo ni mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho. Halafu ushike katikati, utikise kidogo kushoto na kulia. Ukisikia giya za ndani zikigonga kwa nguvu, zimekwisha. Kanyaga pedali ya breki: lazima iwe ngumu kuelekea mwisho, kuna mpira mzito ndani yake, na wengine huutoa kwa sababu unawachosha mguu. Mwambie muuzaji akupe mpira huo. Na akikataa kuuwasha, ondoka na pesa zako.